Lugha ya Nyumbani kwa Kahindi

Ol Kalou
9 Februari 1986

Mdogo wangu Dorcas,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini barua zako zote huanza na shikamoo, kwa hiyo naitikia mapema.

Kama bahati ni mvua, mwenzio huku nimelowa hadi mifupani. Wako watu wa kwetu waliopanda bara wakapotea kabisa, ukimwuliza mmoja habari za Jilore anakuuliza wewe Jilore ni mbuga gani ya wanyama. Mimi sivyo. Ingia nyumbani kwangu asubuhi ufumbe macho, utadhani hujatoka kwa Mama. Waruguru, mke wangu, Mkikuyu wa damu na mifupa, anasonga wari na kukuuliza kwa Kigiriama kama umeshiba. Watoto wanagombana kwa Kigiriama. Na Kahonzi, huyu wajina wa Mama, usiseme. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anakimwaga Kigiriama na methali zake, hadi mimi baba mtu namwambia, mwanangu, punguza mwendo, wengine tumezeeka. Jirani yangu Thuku akipita kwenye ua husimama kusikiliza. Juzi aliniuliza kama nimefungua ubalozi.

Kazi pia imenikubali. Hapa kwenye chama cha maziwa mimi ndiye ninayepima maziwa ya wakulima, na hajazaliwa mtu wa kunipitishia maziwa yaliyotiwa maji. Wananiita Daktari. Darasa langu la tano la misheni limenifikisha mahali ambapo wenye vyeti hawajafika.

Baridi ya huku inang'ata, lakini nimenunua koti la Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Limenikaa vizuri kuliko lilivyomkaa yeye.

Mama hajambo? Miguu yake? Na wewe, cherehani bado inakulisha hapo Muyeye? Nenda Jilore umsomee Mama barua hii yote, hasa habari za Kahonzi. Tangu tumzike Baba sijafika nyumbani, na mwaka ule mtoto nilimwacha huku amevimba mashavu kwa matubwitubwi, Mama hakumwona. Basi angalau amsikie kwa barua.

Ni mimi kaka yako,
Kahindi


Muyeye, Malindi
23 Machi 1986

Kaka Kahindi,

Shikamoo, na hii ni ya pili, maana ile ya kwanza ulijiitikia mwenyewe.

Sisi hatujambo. Joto limepita kiasi, nguo za Pasaka zimenilundikia, na kila mteja anataka yake jana. Barua yako ilichelewa, nikaenda nayo Jilore Jumamosi. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamsomea, nikiigeuza Kigiriama kwa kadiri ya ulimi wangu. Nilipofika kwa Kahonzi akaweka gunzi chini. Akaniambia, rudia. Nikarudia. Akaniambia, rudia tena, na usitie maneno yako. Kaka, tangu Baba afe sijamwona Mama akicheka hivyo, kicheko cha kujishika mbavu.

Amenipa maneno nikuandikie. Alisema kwa Kigiriama, mimi nayaweka kwa Kiswahili, kwa sababu mimi na wewe tulifundishwa kuimba Kigiriama kanisani, kukiandika hakuna aliyetufundisha. Anasema hivi:

"Kahindi, umenitua mzigo. Jina hili nilipewa pamoja na maneno. Hawe yangu Kahonzi, mama wa baba yangu, aliniketisha nikiwa sijaota matiti akaniambia tulitoka wapi, nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi na akarudi kwa sababu gani, ni majani gani ya mtoto asiyenyonya, na mambo mengine ambayo mwanamume hasikii. Akasema, na wewe mwambie Kahonzi wako. Nimekaa nayo miaka yote hii. Nilidhani huyo mtoto wa bara atakuja na masikio ya bara. Kumbe anasikia. Nami niliogopa bure. Mlete."

Mimi nilimwambia, Mama, niambie mimi, niko hapa kila Jumamosi. Akaniangalia tu. "Wewe una jina la Biblia," akasema. "Maneno haya hayatakujua." Haya. Mimi ndiye ninayemchotea maji, lakini nina jina la Biblia.

Nikamuuliza tena, je, maneno ya zamani yakimshinda mtoto, Kahindi akae katikati awatafsirie? Akanicheka. Mambo ya wanawake yapitie sikio la Kahindi? Anasema kabla hujafika Malindi mjini yatakuwa yameshafika Mombasa.

Kwa hiyo mlete likizo hii ya Aprili. Analala kwangu siku moja, halafu nampeleka mwenyewe.

Mdogo wako,
Dorcas


Ol Kalou
25 Mei 1986

Mdogo wangu Dorcas,

Salamu zikufikie zikiwa bado moto, ingawa zimetoka mahali penye umande kama barafu. Waruguru anakusalimu. Watoto wanakusalimu. Hata Thuku anakusalimu, ameona picha yako na anauliza kama cherehani yako ina mwenyewe.

Aprili ilipita kama mwizi. Kwanza mvua, barabara ikawa uji. Halafu Kahonzi akashikwa na kikohozi. Kisha shule, na hapa nitulie nikueleze, maana shule hii ndiyo imenipandisha cheo kingine.

Si unajua serikali imegeuza masomo, na sasa Kiswahili kinatahiniwa hadi shule ya msingi? Basi huku bara imekuwa kama kutangaziwa vita. Walimu wenyewe walikuwa wakikivunja Kiswahili kama kuni, leo wanaambiwa wakitie alama. Mwalimu mkuu, bwana Gitau, akauliza, nani hapa anatoka Pwani? Wakaniita. Mimi, Dorcas. Nikaenda na koti langu, nikasimama mbele ya darasa la saba, nikasema sentensi mbili tu za kawaida, "Watoto wazuri, mwasemaje? Ketini tuzungumze." Mwalimu akafumba macho kama mtu anayesikia kinubi. Tangu siku hiyo naitwa Mswahili. Harusi zote mimi ndiye mshereheshaji. Wakichinja kuku wananiletea mimi nimchinje, wakidhani kila mtu wa Pwani ni Mwislamu, nami namchinja, kisha namla, na Mungu wa misheni ananiangalia tu.

Unakumbuka lakini tulivyokuwa Shella, kwa Waswahili wa Malindi? Mimi nakumbuka. Nilikuwa kijana, nabeba mkaa mlango kwa mlango, nikisema "hodi" kisha natamka bei, na akina mama ndani wanacheka hadi wanakohoa. "Njooni mumsikie Mnyika anavyotafuna maneno." Kiswahili changu kwao kilikuwa na vumbi la Jilore. Nikajifunza kwa uchungu, neno kwa neno, kila nilipochekwa nilikwenda nyumbani nikalinyoosha. Huku sasa Kiswahili kile kile kilichochekwa Shella kinafanya watu wazima wavue kofia. Dunia ina mzaha wake.

Na nyumba yetu ilivyokuwa, hebu fikiria. Mama na Kigiriama chake, na kile Kiswahili chake cha kununulia chumvi, bei gani, punguza, sina. Baba na Kiswahili alichokileta kutoka jeshi la Mwingereza, lugha isiyo na tafadhali hata moja, akikasirika tu ndipo akisema, "Simama! Geuka! Lete maji!" Sisi misheni tukatiwa Kiingereza mdomoni kama kwinini. Kila lugha iliingia kwetu na mtu aliyeshika kitu mkononi, bunduki au kitabu au mizani. Ya Mama tu ndiyo iliyoingia mikono mitupu.

Nimeandika sana. Kahonzi ameongoza darasa lake katika Kiswahili, alama ambazo hazijawahi kuonekana hapa. Mwambie Mama tutatazama Agosti. Sijasema ndiyo, nimesema tutatazama.

Kaka yako,
Kahindi


Muyeye
2 Julai 1986

Kaka,

Shikamoo. Hongera za mtoto. Alama za Kiswahili nimemweleza Mama, akaniuliza Kiswahili kimeingiaje hapo, yeye aliuliza habari za Kahonzi.

Nimeona umemwandika Baba na Shella na mwalimu Gitau, karatasi nne. Ombi la Mama umelijibu kwa neno moja, tutatazama.

Musyoka yule dereva, Mkamba anayeleta viazi soko la hapa, alipita kwangu kushonewa begi lililochanika. Alisema mwezi jana alipeleka nazi Ol Kalou, akalala pale mjini, watu wakamwonyesha nyumba yako. Hukuwa umerudi kutoka kazini. Anasema umeoa vizuri, Waruguru alimpa chai yenye maziwa mazito hadi akasinzia. Anasema Kahonzi ni mrefu, ana paji la uso la Mama, na alimwamkia vizuri sana na kumwandalia maji ya kunawa. Nikamwambia, mtoto huyo kweli anaongea? Akasema, anaongea kama mtoto wa Shella. Sikumuuliza zaidi.

Nina ombi dogo. Lori la Musyoka lina redio ya kaseti. Kama Agosti ni mbali, mwache Kahonzi aseme maneno machache kwenye kaseti, hata salamu tu, nimpelekee Mama. Nimempa Musyoka kaseti tupu.

Maneno ya Mama mara hii ni mafupi: "Kahindi. Kahonzi aje."

Anachoka mapema siku hizi.

Dorcas


Ol Kalou
22 Julai 1986

Mdogo wangu,

Musyoka anakuletea gunia la viazi. Nimevichagua mwenyewe, hakuna hata kimoja chenye jicho. Mpelekee Mama nusu, na umwambie huku viazi tunavila kama kule mnavyokula mihogo, na bado nakonda kwa kuikosa mihogo.

Kaseti imeleta matata. Redio ya Thuku inakula utepe, ya kanisa ina mwenyewe mkali, na Musyoka alikuwa na haraka. Nimeirudisha kama ilivyokuja ili isipotee.

Dorcas, nikuambie kitu ambacho nikisema hapa watanicheka. Nimetamani mtu anitukane. Si tusi la hapa. Tusi la kwetu, lile la mwanamke aliyesimama mlangoni na mwiko, linaloanza na babu yako na kumalizika na kuku wako, na katikati kuna mapenzi. Hapa watu wananiheshimu mno. Wananiambia, Mswahili, karibu, Mswahili, keti. Miaka kumi na sita naketishwa. Wakati mwingine njiani peke yangu najitukana mwenyewe kidogo, nisikie linavyolia. Halilii vizuri likitoka kwangu.

Juzi kulinyesha na jua likatoka ghafla, udongo ukatoa harufu. Nikasimama barabarani na mikebe ya maziwa, nikashindwa kwenda. Mtu akaniuliza, Daktari, umeumwa? Nikamwambia nimesahau kitu ofisini.

Mama anachoka vipi? Hukueleza. Andika.

Kahindi


Muyeye
4 Agosti 1986

Kaka Kahindi,

Sikueleza kwa sababu nilidhani utakuja kabla haijawa habari ya kueleza.

Mwezi wa Mei, Mama alianguka shambani. Aliinuka mwenyewe akasema ni jua. Mwezi wa Julai akaanguka tena, na mara hii mdomo ukavutwa upande na mkono wa kulia ukalala. Tumempeleka hospitali, tumerudi. Wamesema ni mshipa wa kichwani, wametupa vidonge. Anakula. Anaketi nje asubuhi. Akili yake yote ipo, Kahindi, ukimwangalia macho unaona yuko ndani kamili kama mtu aliyefungiwa mlango.

Ila maneno yanamtoka. Kila Jumamosi nikifika nayakuta yamepungua. Kile Kiswahili kidogo alichokuwa nacho kiliondoka siku ya kwanza, kama mgeni aliyeona moto. Sasa Kigiriama nacho kinaondoka, polepole, kwa adabu. Wiki iliyopita aliweza kusema sentensi. Jumamosi hii alikuwa na maneno kama kumi. Madzi. Jua. Jina la Baba. Jina lako. Mengine anaanza, anayatafuta, halafu anapiga goti kwa mkono mzima kwa hasira.

Kitu kimoja ndicho bado anakisema sawasawa. Asubuhi anageukia njia, anasema, "Kahonzi," kisha anangoja, kama mtu aliyebisha hodi.

Nilijaribu tena. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia, Mama, sahau jina la Biblia, nipe mimi hata moja. Akanishika shavu kwa mkono wake mzima. Akanipapasa sana. Hakusema kitu. Sijui kama alikataa au kama tayari alikuwa hawezi.

Shule zimefungwa. Mabasi yapo. Sitaki redio ya Thuku, sitaki mvua, sitaki alama. Mlete mtoto. Mlete alivyo.

Dorcas


Ol Kalou
12 Agosti 1986

Dorcas,

Barua yako imenifikia jana. Kuna neno umeliandika mwishoni, mlete alivyo. Nimelisoma kazini, nimelisoma njiani, nimelisoma jikoni hadi Waruguru akaniuliza nani amekufa. Musyoka alikuambia, siyo? Na wewe ukakaa kimya ukaniachia nafasi niseme mwenyewe, nami nikakutumia viazi.

Waruguru ameshakunja nguo za mtoto. Tunapanda basi Jumamosi, mimi na Kahonzi, tunalala Mombasa, Jumapili jioni tuko kwako. Nimeomba ruhusa kazini, wakinifukuza wanifukuze.

Sikiliza nilichofanya leo asubuhi. Nilimwambia Kahonzi twende wote nikakamue. Tuna ng'ombe wawili, wa Waruguru, na kila siku mimi ndiye ninayewakamua kabla ya kazi. Nikamketisha kwenye kigoda. Nikasema, leo nitakufundisha kusema na hawe yako. Nikaanza, Kigiriama chenyewe, taratibu, neno kwa neno, njoo mwanangu, keti hapa, mimi ndimi nani wako, wewe ndiwe nani wangu.

Mtoto akageuka nyuma kutazama ng'ombe.

Nikarudia. Akanitazama, akamtazama tena ng'ombe, akaanza kucheka, halafu akaona uso wangu akaacha. Akaniuliza kwa kile Kiswahili chake kizuri, "Baba, mbona wanisemesha kama ng'ombe?"

Dorcas, ninapokamua huwa nasema nao. Ndiyo tu nafasi niliyo nayo. Nawasimulia habari za Jilore, nawatukana, nawauliza Mama ameamkaje. Wananisikiliza kuliko watu na wanatoa maziwa vizuri. Watoto wangu wamezaliwa wanasikia sauti hiyo ikitoka zizini kila alfajiri. Wamekua wakijua kuwa baba yao ana lugha ya watu na ana lugha ya ng'ombe.

Nilikuwa na muda wote wa dunia wa kuwaambia. Lakini kila nilipofungua mdomo kulikuwa na mtu hapo nje anasikiliza Kiswahili cha Mswahili, na nilipenda anisikilize. Watoto wakisema neno zuri la Shella watu wanawapa peremende. Nikawapa hicho. Niliwapa kile walichonichekea wale akina mama, nikakinyoosha, nikakitia mafuta, nikawavika wanangu. Cha Mama nikakiacha zizini. Waruguru aliniuliza zamani, Kahonzi akiwa mchanga, lugha ya mama yako mtoto atajifunza lini? Nikamjibu kwa mzaha, nimesahau hata mzaha wenyewe ulikuwa upi.

Sasa sijui Mama atafanya nini na mtoto nitakayemletea. Ana maneno kumi, na mtoto hana la kuyapokelea. Nimefikiria nikae nje ya mlango nitafsiri kwa sauti bila kutazama ndani, lakini alishasema mambo haya hayapiti kwangu, na safari hii nitamsikiliza. Wataketi wawili, wao kwa wao. Kahonzi nimemwambia tu amshike hawe mkono, ule mzima, asiuachie mpaka Mama mwenyewe auachie. Na chochote Mama atakachosema akirudie kilivyo, asiulize maana. Maana wewe utamwambia baadaye, kama Mama ataruhusu. Mtoto amekubali. Ameuliza kama hawe yake atamcheka. Nikamwambia sijui.

Mwambie Mama wewe kabla hatujafika; barua hii nimempa Musyoka, lori lake litatutangulia. Mimi nimejaribu kuandika maneno ya kumwambia yeye, karatasi tatu zimeingia motoni. Mwambie wazi, asije akamfungulia mtoto mdomo, akangoja, asijibiwe, akadhani ni masikio yake nayo yamekwenda.

Yale ya Februari yalikuwa uongo. Kahonzi hajui Kigiriama. Waruguru hajui. Hakuna anayekijua nyumbani kwangu.

Kahindi